Nimeandika Mjane

Papa Neema,

Viza imetoka. Nakuambia wewe kwanza. Neema nitampigia simu jioni akitoka kazini. Paspoti iko hapa mezani, karibu na miwani yako, na kila nikimaliza mstari naifungua tena.

Ulipotutoka, ukoo ulimaliza matanga ukanikabidhi kwa mdogo wako Kasongo, kama desturi inavyotaka. Alinipa kitenge mbele ya wazee, kisha akaniambia kwa upole kwamba nitabaki nyumbani kwangu, niendelee kuitwa mke wako wewe. Ni mtu mwema. Lakini Neema alipojifungua kule Ulaya akaniita nikae naye miezi miwili, huyo mtu mwema akanipotosha. "Shemeji, andika umeolewa na mimi," alisema. "Mujane anapoteleaka kule. Muke wa muntu njo anarudiaka." Eti mwenye mume ndiye hurudi. Mwenye biro, ile ofisi ya kujazia watu fomu, akasema wote wanafanya hivyo. Nikaandika: nimeolewa.

Ubalozini walikataa. Neema, katika barua yake ya mwaliko, alikuwa ameandika kwamba mama yake ni mjane. Mama na mtoto, karatasi mbili, hadithi mbili. Nilifundisha miaka mingi, nikawaadhibu waliodanganya kwenye mtihani. Nilifunika uso.

Ndipo nikakumbuka siku ya kuandikishwa kambini, tulipofika Kalemie kutoka upande wa Moba, vita vimetuachia sufuria moja. Majirani waliandikisha mume peke yake na mke peke yake, wapate unga mara mbili. Nilikukanyaga mguu ufanye kama wao. Ukamwambia karani: "Sisi ni nyumba moja. Andika moja." Siku tatu sikukusemesha. Na unga uliisha mapema, usidhani nimesahau.

Safari hii nilijaza mwenyewe. Mjane. Nikaambatanisha cheti cha kifo chako, na barua ya kurasa mbili kwa Kifaransa: kwamba mara ya kwanza sikusema kweli, kwamba kwetu mjane hukabidhiwa shemeji amtunze, nami nimetunzwa, sikuolewa. Kasongo aliisoma, kisha akatia sahihi kama shahidi. Mwenye biro akatikisa kichwa: "Mama, unajifungia mulango wewe mwenyewe!"

Kule ubalozini Kinshasa, bibi mmoja nyuma ya kioo aliniuliza nini kitanirudisha, ikiwa sina mume. Nilimtajia nyumba, shamba la muhogo, na kaburi lenye msalaba wa mbao ambao lazima tuubadilishe kwa wa saruji, na ukoo hauwezi kuusimamisha mimi nisipokuwepo. Aliandika kwa muda mrefu. Akaniuliza ulikuwa mtu wa namna gani. Nikamweleza habari ya unga.

Na leo, Papa Neema, leo Kasongo anapita mtaa mzima akipiga kelele: "Shemeji yangu anapanda ndege!" Shemeji. Umesikia?

Nitambeba mjukuu wako, nimwambie jina analoitwa lilikuwa la nani. Kisha nitarudi kabla ya mvua, nishike msalaba wako kwa mikono hii wanapoupanda. Saruji ikiwa bado mbichi nitaandika jina lako, na chini yake langu. Kwenye fomu niliandika mjane, na ni kweli. Hapo nitaandika: mke wake. Hiyo pia ni kweli.

Lala salama, nyumba yangu moja.

Mama Neema