Wageni Wanywe Chai kwa Subilaga

Mjukuu wangu Bupe,

Una miguu au huna? Unakaa Ipogolo, hapo Iringa, mabasi ya Mbeya yanakupita puani kila siku, na mimi habari zako nazisikia kwa watu wa soko la Tukuyu kana kwamba wewe ni bei ya mchele. Mvua imekuja imekwisha, migomba imezaa, tumekata, tumekula. Hujalala kwangu. Zile nyanya za Ilula ulizompa utingo wa lori zilifika zimepondeka. Nimezipika. Lakini nyanya haimsalimii mtu.

Wala usiseme umekosa nafasi ya kuja. Ulikuja, na hilo ndilo linalonichoma. Ulikuja na wageni wa hiyo ofisi yenu ya utalii, ukapita mbele ya mlango wangu na viatu vyako vya kamba, ukasema, "Ugonile, bibi," kama jirani anayewahi mnada, ukaenda zako kwa Subilaga. Huko wakanywa chai. Mimi nikabaki na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, niliyokuwekea tangu nisikie mnakuja.

Kwa Subilaga, Bupe. Mke mwenza wangu. Babu yako alimleta nikiwa bado na nguvu za kulima, na mpaka tunamzika hakuniambia kwangu alikosa nini. Nimegawana na huyo mwanamke mume, nimegawana naye ng'ombe, nimegawana naye shamba la kahawa. Nilidhani mjukuu ni wangu peke yangu.

Na ndiye huyo huyo anayeandika maneno haya. Alikwenda kwenye elimu ya watu wazima, mimi nikasema sina muda wa kushika chaki. Andika hivyo hivyo, Subilaga, usiyapambe. Anacheka, lakini anaandika.

Mama yako alipokuachisha ziwa alikuleta kwangu, kama ilivyo desturi. Ulikuwa mwepesi kama debe tupu na kelele zake. Hukunyamaza mpaka nilipokufunga mgongoni nikapanda na wewe kwenye lile ziwa la juu, kule ambako ukungu hauamki mapema. Ulipoanza kutembea nikakufundisha: hapa kwenye jiwe unachuma jani, unaliweka, unanyamaza, ndipo unashuka kwenye maji. Uliniuliza, "Bibi, tunamnyamazia nani?" Nikakwambia, "Mwenye nyumba." Na siku ulipovunja tawi bichi nilikupiga kofi la mkono, nikakwambia kuni ni zile zilizoanguka zenyewe. Tukarudi, tukachoma ndizi, ukalala umeniwekea miguu ya baridi tumboni. Mpaka leo tumbo langu linaikumbuka.

Sasa siku ile ya wageni niliwafuata kwa nyuma na kikapu, nikijifanya naokota kuni. Nikawaona pale kwenye jiwe. Umewapanga mstari, kila mtu na jani lake, kimya. Mzungu mmoja mrefu, mwekundu kama pilipili, aliliweka jani lake kwa mikono miwili. Nilimwonea wivu, Bupe. Mtu mzima mimi, namwonea wivu mtu asiyejua hata kumenya ndizi.

Kijiji kimepewa cheti chake cha utalii usioharibu mazingira. Msitu haukatwi, kijitoni hakuna kufua, wageni wanakuja wachache wachache, na fedha zao zimeezeka zahanati. Ni jambo jema, sikatai. Mwenyekiti alikisoma mkutanoni, watu wakapiga vigelegele, kisha wakaenda kukipigilia ukutani. Ukuta wa nani? Wa huyu huyu anayeandika. Kila nikienda kuchota maji nakiona kinaniangalia.

Hapa mwandishi wangu ameweka kalamu chini. Anasema, "Dada, hili siandiki mpaka unisikilize. Mkaguzi aliyekuja kwa ajili ya cheti aliitaka nyumba yako iwe ya kupokea wageni. Aliipenda, vibuyu vyake, moshi wake, kila kitu. Bupe ndiye aliyekataa."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Ile si ya kuonyesha watu. Ile ni ya kulala.'"

"Na wewe umelikalia neno hilo muda wote huu?"

"Ningekwambiaje? Ulikuwa huitikii hata salamu yangu."

Kisha nimemwambia aandike na hayo pia, na nimemmiminia maziwa yaliyokuwa yako. Ameyanywa yote, hana haya.

Lakini usidhani umepona. Ulinikinga na macho ya wageni, nimekuelewa, na moyo umetulia kidogo. Wivu bado uko palepale. Nyumba ya kulala isipolalwa inakuwa ghala, na mimi si gunia la mahindi la kukaa humo peke yangu. Hao wageni wako wanatoka ng'ambo kuja kuona nilikokubeba. Wewe unatoka Ipogolo tu.

Kaa salama huko, ule ushibe, na kifua ukikinge na upepo wa Iringa. Na ukija tena na watu wako, wafikishe ziwani, waweke majani yao, wanywe chai yao kwa Subilaga, kisha wapande gari waondoke bila wewe. Viatu vya kamba viache barazani kwake. Pita kwenye migomba, uingie kwa mlango wa uani, na usibishe hodi.

Ni mimi bibi yako, mwenye mgongo uliokubeba.