Sumu Ndani ya Maji ya Butihinda

Emérance, mi iko nakuandikia haraka. Zaituni wetu, mkemia wa mradi, ameaibika hapa Butihinda, mbele ya watu wote.

Unakumbuka kile kichujio cha maji alichowatengenezea watu wa hapa, cha udongo mwekundu wenye kutu ya chuma? Kilinasa sumu yote ya aseniki, kule maabara Gitega tukampigia makofi. Leo vipimo vimerudi: sumu imezidi ya mwanzo. Imezidi, dada!

Na ni yeye aliyewaambia, "Zibeni tangi la kichujio kabisa, hewa isiingie." Mon Dieu! Bila hewa, bakteria wakaanza kupumua kwa ile kutu. Kutu ikayeyuka, sumu iliyoshikwa nayo ikaachiliwa ndani ya maji. Jambo ambalo anafundisha mwenyewe!

Mama Riziki, jirani wa kisima, akasimama na mtoto mgongoni. "Kumbe huyu anakunywa sumu?"

Chef wetu, mkubwa wa kazi, akamnong'oneza Zaituni aseme mashine ya vipimo imekosea.

Uso ulikuwa umemshuka. Zaituni akaenda, akafunga bomba mwenyewe.

"Ndiyo, mama. Na ni mimi niliyewaambia mnywe."

Alisema vile, Emérance. Mi nilishindwa hata kumsogelea.