Nilificha Sufuria za Shirika

Kwako Mama Wawira wa ushauri, pokea salamu nyingi kutoka hapa Mikinduri. Mimi ni mzima, mzee wangu Hezekiah ni mzima isipokuwa goti, Kirimi wetu aliye kazini Embu, anakaa mtaa wa Dallas huko huko mjini, naye ni mzima, na Ntinyari ambaye arusi yake ni Desemba anakusalimia ingawa hajui naandika haya.

Mama, naomba unishike mkono kwa sababu nimefanya jambo na sina mtu wa kuambia. Mimi na jirani yangu Kanana tuna shirika la sufuria nne kubwa, zile za arusi na matanga, tunazikodisha, zinakaa stoo kwake na kila mmoja ana ufunguo. Kanana hajaokoka lakini ni mtu mzuri, nilipolazwa hospitali wiki tatu yeye ndiye alikamua ng'ombe wangu na kumpikia Hezekiah, na hakuniambia hata siku moja kwamba amechoka. Sasa mwezi wa nane akazipeana kwa wazee waliokuwa na sherehe, wakawekea pombe ya asali, zikarudi zinanuka, na akina mama wa kanisa wakasikia, mwenyekiti akaniambia, "Mama Kirimi, sisi hatuwezi kula arusi ya Ntinyari kwa sufuria ya pombe, na tena wewe uliyeokoka unafanya nini na shirika la mtu wa dunia?" Nikaenda kwa Kanana nikamwambia tusizipeane tena kwa pombe, akacheka akasema, "Kwani ulipookoka sufuria nazo ziliokoka? Osha na majivu, mama, tupike."

Mimi nikakasirika, na siku aliyoenda Laare kwa dada yake nikafungua stoo nikazibeba moja moja nikazificha kwangu nyuma ya magunia ya maharagwe, nikisema moyoni ni mpaka arusi tu, nitazirudisha. Lakini aliporudi akaja kwangu akilia ati tumeibiwa, na mdomo wangu ukasema, "Hata mimi nashangaa." Sasa anasema ni Thuranira, fundi wa baiskeli anayefanya kazi hapo kando, watu wameacha kumpelekea baiskeli, na Kanana ameita wazee wa ukoo waje tarehe ishirini na nane wamlaani aliyeiba. Najiambia damu ya Yesu inanifunika, halafu najiuliza kama inafunika na uongo. Nikisema ukweli nitampoteza Kanana na ushuhuda wangu kanisani, nikinyamaza sijui. Chakula hakipiti. Tafadhali nijibu mbio kabla ya hiyo tarehe.

Mama Kirimi

*

Mama Kirimi, majina yenu nimeyabadilisha, na barua yako nimeitanguliza kwa sababu ya hiyo tarehe. Pole sana. Arusi ya binti na maneno ya akina mama yakikukalia pamoja, kichwa huchoka, nakuelewa.

Lakini nikukemee kidogo. Ndiyo, Neno linatuonya tusijifunge nira na wasioamini, na hilo ungelifikiria siku ya kununua. Halikukupa ruhusa ya kumwibia. Kanana alizikodisha watu wakiona, na alichofikiri alikuambia usoni. Wewe uliyeokoka ndiye uliyeingia na ufunguo akiwa safarini. Na hiyo laana isikushughulishe kuliko Thuranira, ambaye leo anakosa kazi kwa kosa lako.

Usingoje tarehe. Mwambie mzee wako kwanza, asije akasikia njiani. Sufuria zirudi leo, kukiwa na mwanga. Kanana awasimamishe wazee. Kisha nenda kwa Thuranira umsafishe jina mbele ya wateja wake, sio pembeni. Mwenyekiti wenu naye ausikie ukweli kutoka kwako.

Habari ya shirika ije baadaye, mwenzako akishatulia. Mwambie wazi dhamiri yako haikubali pombe. Akikubali, endeleeni. Asipokubali, ziko nne, kila mmoja achukue mbili, mbaki majirani.

Anaweza kukufukuza. Mwache akasirike, ana haki, nawe urudi kesho yake. Ila ukifika mlangoni kwake usianze na mistari ya Biblia wala na mambo ya pombe. Sema, "Kanana, ni mimi niliyezichukua," kisha unyamaze.