Jiko ya Sidonie imebomolewa sababu ya gari ya mu telefone

Mama Bella weye, Pierre amebomoa jiko ya bibi yake Sidonie! Jiko nzima!

Sidonie alitoka misa, akakuta bwana yake na wapenda-gari wenzake wa Kasenga wanakunywa bia ya kuarroser, kusherehekea gari mupya. Masikini, akapiga vigelegele. «Iko wapi niikalie?»

Pierre akamuonyesha telefone. Photo! Eti Wamerika watatoa gari ya familia, ndefu, ya kusukumwa na mataïri ya nyuma. WATATOA! Bado haijatengenezwa.

Sidonie akageuka, akaona matofali chini. «Na jiko yangu?»

Pierre akamujibu mama ya mutoto wake: «Mama Victoire, ile gari ni ndefu. Bila kubomoa jiko, itapitia wapi?»

Itapitia wapi! Gari ya mu telefone!

Sidonie hakulia. Alibeba mbabula ya makala mpaka mu salon, akaiweka mbele ya fotey, kiti ya Pierre, akaanza kukaanga samaki ndagala. Moshi tii! «Papa Victoire, ikala, tungojee gari pamoja.»

Sasa sikiliza. Mwenye alikuwa anapimia Pierre njia ya gari na metre ni bwana yako. Nimemuona anapanda moto, ile pikipiki yake, kuja kwenu, nyundo mu mukono. Kimbia ukae mulangoni mwa jiko. Miye niko mulangoni mwa yangu.