Shingo Yangu na Baiskeli ya Gelasius

Sibwesa, 9 Juni 2024

Kwa Shangazi Lucia,

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe barua ikiwa ndefu, maana jioni nikishaosha vyombo sina wa kuongea naye sana, ingawa siishi kwa kulia, namshukuru Mungu, mpunga mwaka huu umekubali na kuku wanataga.

Mimi ni mjane. Mume wangu Gelasius alikuwa katekista, alizunguka vigango vyote vya huku kwa baiskeli yake nyeusi ya kiume, na nilijua anakuja kabla sijamwona kwa sababu akifika kwenye kona alikuwa anagonga kengele mara moja tu, alisema mara mbili ni kelele. Figo zilimchukua mwaka juzi. Siku ya kuanua matanga ukoo uligawa vitu vyake, makoti yakaenda kwa ndugu zake, baiskeli nikapewa mimi, na ndiyo inayonipeleka shambani na kwenye kwaya mpaka leo, na nikiwa juu yake nasikia raha, siwezi kuficha.

Shida ni shingo. Zamani tulipanda gari la abiria, Noah, kutoka Mpanda, dereva akasimama kupisha ng'ombe wavuke, lori likatugonga kwa nyuma. Sikutoka damu, ila kichwa kilirushwa nyuma kikarudi mbele kama cha kuku anayedonoa, hospitali wakapiga picha wakasema mifupa ni mizima, nyama ndizo zimevutika, wakanivalisha kola ya shingo na nikapona, au nilidhani nimepona. Tangu nianze kuendesha, nikifika shambani, jembe likiwa begani kama tunavyobeba wote huku, shingo inakuwa imekakamaa, maumivu yanapanda mpaka kisogoni, na kuna siku nashindwa kugeuka kutazama kama pikipiki inakuja, inabidi nigeuze mwili mzima.

Kila mtu ana dawa yake. Bibi Nyanzala, anayeunga mifupa hapa kijijini, anasema niende anishike kichwa akizungushe ghafla mpaka shingo ilie, itatulia. Shemeji yangu Hilari yeye hakuniuliza hata inauma wapi, alisema, "Shemeji, hiyo shingo imeshakwambia pumzika. Baiskeli nipe mimi, utakuwa unaiona ikipita." Aliongea kama utani lakini mkono ulikuwa tayari kwenye usukani.

Halafu juzi nilikwenda kwa Manyanda, fundi baiskeli, kuziba pancha. Nilipopanda kuondoka akaniita.

"Mama, hiyo unaipanda au unaiparamia?"

"Naipanda."

"Kiti kimekuzidi. Unaning'inia kama nguo kwenye kamba. Lete nishushe, ni nati moja tu."

"Kiache."

"Kina nini?"

Nilikanyaga pedali nikaondoka, ila wewe nakujibu. Kina alama. Gelasius alipaka rangi nyekundu kwenye chuma kinachoshika kiti, pale kinapoingia kwenye bomba, ili watu wakiazima na kushusha yeye ajue pa kukirudishia, na akiwapa alikuwa anawaambia, "Mwenye miguu mifupi aazime kwa jirani." Kila nikifuta vumbi naiona ile alama, na kiti kikishuka itazama ndani, sitaiona tena. Naomba uniambie, Shangazi, niende kwa Bibi Nyanzala, nimpe Hilari baiskeli, au nivumilie hivi hivi?

Ni mimi,
Tereza, mjane wa katekista

*

Mama Tereza,

Pole kwa Gelasius. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, kisha nikaipeleka kwa Elia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo ninayemwamini. Alisoma akacheka kidogo, akasema, "Huyu mama anaendesha akiwa na mwili wa mtu mwingine."

Maana yake ni hii. Baiskeli ilipimwa kwa mwanaume mrefu. Wewe unajinyoosha kufikia usukani, mgongo unalala mbele, na ili uone njia inabidi ukunje shingo kwa nyuma. Hata mwenye shingo nzima angechoka. Wewe shingo yako iliwahi kuumia, na nyama iliyovutika hivyo hukumbuka. Halafu juu ya hayo unaweka jembe begani. Mama, jembe. Keria, kile chuma cha kubebea mizigo nyuma ya kiti, kazi yake ni nini?

Kwa Bibi Nyanzala usiende. Namheshimu, lakini shingo iliyowahi kurushwa na lori haizungushwi ghafla na mtu yeyote. Hilari mwache na utani wake. Na kuvumilia si ushauri, ndiyo umekufikisha hapa.

Kwanza nenda hospitali ya mkoa pale Mpanda, nenda kwa gari, uwaeleze ile ajali, na uombe kuonana na mtu wa mazoezi ya viungo. Ukiona mikono inakufa ganzi, au unadondosha vitu, au unayumba ukitembea, au haja ndogo inakusumbua, usingoje siku ya soko, nenda siku hiyo hiyo.

Ukishapimwa na kuruhusiwa, rudi kwa Manyanda. Ashushe kiti na kukisogeza mbele, ainue usukani, na asijaze tairi likawa gumu kama jiwe. Jembe lifungwe kwenye keria. Ukiendesha, viwiko vilegee kidogo na mabega yashuke, usiubane usukani kama unagombania. Ukichoka shuka, tembea nayo. Jioni weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu shingoni, kisha geuza kichwa taratibu kulia na kushoto, uvute kidevu nyuma kama mtu anayekataa kuonja. Pale panapouma rudi, usilazimishe. Na kama una mazoea ya kukaa bila kusogeza shingo kwa kuogopa, yaache, yanaikausha.

Sasa ile alama. Nilijua ndiyo barua yenyewe. Mama, rangi hiyo haifutiki kwa kushuka. Inakwenda mahali ambapo mvua wala vumbi haviifikii. Na Gelasius hakuipaka ili baiskeli isiguswe, aliipaka kwa sababu alijua watu wataishusha, na akawa anawaazimisha hata hivyo. Mwambie Manyanda akupakie ya kwako, rangi unayopenda wewe. Katekista alikuwa na kipimo chake, na wewe una chako, na baiskeli moja inaweza kuvibeba vyote viwili.

Fanya haya kabla ya kuvuna mpunga uliobaki. Na Jumapili ukifika kigangoni, ukishamtaja Gelasius kwenye sala, nami unikumbuke.

Shangazi Lucia