Sentensi ya Tatu

Jumatatu, 3 Julai 2023

Baridi! Nyasi za nje nyeupe mpaka saa tatu asubuhi, na hita ya chumbani kwetu imekufa tena.

Glenys, mkuu wa zamu hapa kwenye nyumba ya wazee, kaniita ofisini kabla ya chai. Nikajua nimeharibu. Kumbe ni yale maelezo tunayoandika kwenye kompyuta mwisho wa zamu, jinsi kila mzee alivyoshinda. Kazi yangu na wazee haina doa, anasema, ila maandishi yangu yanamchosha. "Umeandika mzee amekula kwa huzuni. Huzuni ndiyo nini, mama? Amekula au hajala?"

Amekula. Kwa huzuni. Nikaitikia kwa kichwa.

Kanipa sentensi moja niikariri: amekula vizuri, hakuna la kutia wasiwasi. Siku ikienda sawa, andika hiyo, basi.

Barua ya mkataba inatoka Agosti. Yeye ndiye atakayeandika kama Kiingereza changu kinatosha. Wakiniongeza miaka minne, naweza kumwombea mwanangu Tinaai aje. Nilimwacha kwa mama yangu kisiwani kwetu, Betio, ana miaka sita, kibogoyo wa mbele. Sasa ana tisa. Meno yake mapya nimeyaona kwenye simu tu.

Jumatano, 5 Julai

Nimepata mwalimu!

Chumba namba kumi na moja, Maureen Haddrick, miaka themanini na minne. Kafundisha Kiingereza miaka arobaini, watoto wa wafuga kondoo. Nilikuwa namvisha soksi, akaniuliza mbona uso umenuna. Nikamwambia habari ya huzuni. Akacheka. "Sentensi yako ilikuwa nzuri kuliko ya Glenys. Lakini hapa hawalipwi kusoma nzuri."

Tumekubaliana kila siku msemo mmoja wa Kiingereza, mimi natunga sentensi tatu, yeye anasahihisha kwa penseli nyekundu. "Nikikucheka usisuse."

Namwita Mwalimu. Watu wa hapa wanaitana majina matupu, hata mtu wa umri wa bibi yako. Mimi mdomo haufunguki.

Bure hafundishi. Kila msemo, nami nimpe neno moja la kwetu. Leo nimempa bubuti. Nikamweleza: ni ombi usiloweza kulikataa. Mtu akikububuti kitu, unatoa. Ukikataa umejivua utu mbele ya watu.

"Hata akitaka suruali uliyovaa?"

Hata suruali.

Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi ningezaliwa kwenu ningekuwa tajiri. Wanangu hawaniletei hata peremende."

Jumatatu, 10 Julai

Msemo wa leo: to be honest. Hapa wanausema kila wakipumua — dukani, kwenye basi, jikoni. Kusema kweli hivi, kusema kweli vile. Nikadhani ni rahisi.

Sentensi ya kwanza: kusema kweli, napenda wali. Penseli nyekundu ikapita kama panga. "Nani kakuuliza? Hiyo si siri." Kisha akaweka penseli chini. "Teretia, huu msemo unautumia pale tu unapotaka kusema kitu ambacho mwenzako hatapenda kukisikia. Au kitakachokuumiza wewe mwenyewe. Kama hakimuumizi mtu, sema tu unapenda wali."

Ya pili: kusema kweli, supu yao ya maboga ni maji ya kuoshea sufuria. Alama ya vema — kubwa, nusu ya ukurasa!

Ya tatu sikuimaliza. Toroli la chakula lilifika. Supu ya maboga.

Alhamisi, 13 Julai

Mwalimu kakosa raha leo. Binti yake Philippa kapiga simu kutoka Perth. Mei Mwalimu alianguka, na sasa wameshakubaliana na Glenys: akianguka tena anahamishiwa upande ule wenye mlango wa namba za siri. Kule wako wale wasiojua tena majina yao.

"Kule hawatoi penseli," ananiambia. "Wanaogopa tutazila."

Alisema kwa mzaha. Lakini hakunipa msemo.

Jumanne, 18 Julai

Nianze wapi.

Tulikuwa wahudumu wawili kwa ukumbi mzima, wengine wote wagonjwa. Mlangoni mwa kabati la Mwalimu kuna karatasi: kuoga, wahudumu wawili. Nikamuuliza Glenys. "Leo mwogeshe peke yako, mpenzi. Mwepesi yule."

Nilimwogesha. Tukamaliza. Taulo halikuwepo pale linapotundikwa. Liko kwenye kiti — hatua mbili tu! Nimegeuka. Nikasikia.

Kichwa kiligonga ukingo wa sinki. Damu hakuna. Uvimbe juu ya sikio, ndani ya nywele, mdogo kama kokwa ya zeituni. Macho wazi, anajua yuko wapi, ananitukana vizuri tu kwa kumwacha uchi sakafuni. Nikanyoosha mkono kwenye kamba ya kengele.

Akanishika kifundo cha mkono. Sikujua ana nguvu zile.

"Usiite mtu. Usiandike. Teretia — nakububuti."

Amelitumia sawasawa. Mara ya kwanza, bila kosa.

Nilisimama pale na kamba vidoleni. Ningemweleza nani hapa? Babu yangu alitoa mtumbwi wake wa pekee kwa neno hilo, akarudi nyumbani kwa miguu, na hakuna aliyemsikia akinung'unika. Mimi nimekulia ndani ya neno hilo.

Lakini hili daftari halisomwi na mtu, basi niliandike. Haikuwa bubuti peke yake. Niliiona barua ya Agosti. Nilimfikiria Tinaai kabla sijafikiria kile kichwa.

Nikamwinua. Nikamvalisha. Nikazichana nywele zikafunika uvimbe. Mwisho wa zamu nikaandika: ameoga, amekula vizuri, hakuna la kutia wasiwasi.

Glenys kasoma juu ya bega langu. "Unaona? Sasa unaandika kama sisi."

Alhamisi, 20 Julai

Mwalimu mzima. Uvimbe umepungua. Kanipa misemo miwili, kanicheka kwa yote miwili. Nimelala kama mtu.

Jumamosi, 22 Julai

Kichwa kinamuuma. "Baridi hii," anasema. Kaomba dawa ya maumivu, nesi kampa. Uji kala nusu.

Nimeandika ile sentensi. Vidole vyenyewe vinaijua sasa, havingoji niviambie.

Jumatatu, 24 Julai

Nimempelekea sentensi zangu tatu. Kaweka vema zote. Sikuamini — tatu zote! Nikafurahi kama mtoto. Nikafunua ukurasa wa nyuma kumwonyesha nyingine, kumbe nyuma ni orodha yangu ya dukani.

Mchele — vema. Vitunguu — vema. Sabuni — vema.

"Vizuri sana, Joyce."

Nilicheka kwanza. Kisha nikaona hacheki. Joyce ni nani?

Nyumbani nikamweleza Bwatia yote. Lazima nimwambie mtu, na yeye ni wa kwetu, tunakaa chumba kimoja, tunafanya kazi mahali pamoja. Akaacha kukaanga samaki. Nilidhani atanionea huruma.

"Wewe mjinga wewe! Bubuti ni ya kwetu. Yule bibi kalichukua neno mdomoni mwako kakufunga nalo mikono, na wewe umekaa unamshukuru."

Basi niseme?

"Useme? Ukisema leo, kesho wanauliza mbona siku sita ulinyamaza. Utapandishwa ndege hata nguo hazijakauka. Na sisi tunaobaki, kila tukiandika neno watatuchungulia." Akageuza samaki. Amekwisha ungua. "Kwa nini umeniambia mimi? Sasa na mimi najua."

Samaki hatukumla. Yeye kalala ameelekea ukutani.

Jumanne, 25 Julai

Leo Mwalimu kamwita Glenys mama. Mguu wa kushoto anauburuta. Wakampigia daktari, simu iko mezani, sauti imefunguliwa, sote tunasikia. Mimi nimesimama na sinia la vikombe.

Daktari kauliza: ameanguka siku za karibuni?

Glenys kafungua kompyuta. Kasoma kwa sauti, siku baada ya siku. Amekula vizuri, hakuna la kutia wasiwasi. Ameoga, hakuna la kutia wasiwasi. Sentensi zangu! Hakuna hata moja yenye kosa. Kiingereza safi, kimenyooka, na ndani yake mtu anakufa.

"Hajaanguka," Glenys akasema.

Basi ni mkojo mchafu, daktari kasema, wazee ndivyo walivyo, mkojo ukichafuka wanachanganyikiwa. Dawa siku tano, maji mengi, tutazame Ijumaa.

Ijumaa! Na Mwalimu anakunywa vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, isigande. Najua, mimi ndiye ninayemshikia glasi kila asubuhi.

Nilikuwa na jibu mdomoni, najua kulitamka kwa lugha zote mbili. Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia. Glenys kasema nipeleke jikoni kabla sijavunja. Nikapeleka.

Kwetu kuna mtu wa namna hii na ana jina lake. Mwoga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na haya si maradhi yangu hata.

Jumatano, 26 Julai

Naandika kwenye chumba cha pasi, simu iko mezani mbele yangu. Glenys yuko mlangoni, anadhani ni mazoezi.

Asubuhi Mwalimu ametapika. Nikamfuta. Nikamwekea penseli mkononi, sijui kwa nini. Nilitaka tu kuona. Mkono wa kushoto ndio anaoandikia. Vidole havikukunjika. Penseli ikabingirika juu ya shuka, ikaanguka, naye akaniangalia kama mtu anayesubiri basi.

Nikaenda ofisini. Sikubisha hodi. Glenys alikuwa anapaka siagi kwenye mkate.

"Kusema kweli, Glenys, alianguka. Jumanne ya wiki jana, bafuni. Aligonga kichwa. Nilikuwa peke yangu naye."

Jina lake tupu. Limetoka lenyewe.

Kisu kikabaki hewani. Aligeuka mwekundu, kisha mweupe. "Wewe umeandika hakuna la kutia wasiwasi."

"Niliandika."

"Peke yako. Nani alikuambia umwogeshe peke yako?"

 Hakuwa ananiuliza mimi. Akaweka kisu juu ya siagi. Kisha akapiga simu ya gari la wagonjwa, na kabla hawajafika akafunga mlango, akavuta kiti karibu, akanishika goti. Sauti ya upole! Hajawahi kunisemesha hivyo.

"Sikiliza, mpenzi. Ameanguka leo. Leo asubuhi, wakati wa kuoga, tukiwa wawili — wewe na mimi. Anapata matibabu yale yale. Hakuna anayeumia. Barua yako ya Agosti nimeshaiandika, nzuri kabisa. Unataka niirarue?"

Matibabu yale yale. Nikalishika hilo kwa mikono miwili. Wale wa gari la wagonjwa walipouliza, Glenys akasema leo asubuhi. Mmoja akaandika juu ya glovu yake kwa kalamu: leo, saa moja. Akanitazama. Nikatazama soksi za Mwalimu. Moja nilikuwa nimemvisha ndani nje. Wakaondoka naye.

Hiyo ilikuwa saa tatu. Saa saba na nusu hospitali wamepiga. Philippa yuko angani, hapatikani. Picha ya kichwa haifanani na maelezo, wamesema. Damu waliyoiona ni ya zamani, ya siku nyingi, na nyingine mpya juu yake. Daktari wa upasuaji hataki kusikia kwa mtu mwingine. Anamtaka mhudumu aliyekuwa naye. Atapiga saa nane, kabla ya kuamua kama wanafungua na wanafungua vipi.

Matibabu si yale yale basi.

Glenys kasema, "Leo asubuhi. Maneno mawili tu, Teretia. Hata Kiingereza hakihitajiki."

Saa nane kasoro dakika tatu. Tinaai sasa hivi huenda ameshatoka shuleni, kule saa zinatangulia. Mama yangu kila Jumapili anauliza, lini? Nami kila Jumapili nasema Agosti tutajua. Nimemwona Tinaai kwenye simu akisukwa kwa ajili ya safari ambayo haipo. Mungu wangu, sitaki kurudi. Nisidanganye hata humu. Sitaki.

Na bubuti yake bado iko shingoni mwangu. Kaomba, nimekubali, na aliyeomba hawezi tena kunifungua.

Nimefungua daftari la mazoezi. Tarehe kumi Julai. Moja, ina mstari mwekundu. Mbili, ina vema ya nusu ukurasa. Tatu, tupu.

Nimeandika to be honest, na mkato baada yake, kama alivyonifundisha. Nimefika hapo. Hakuna wa kusahihisha.

Simu inaita. Glenys kanyoosha mkono. Mimi niko karibu zaidi.