Chupa ya Maji ya Sukari

Rugerero, 4 Machi 2024

Mwanangu Umuhire,

Hamjambo huko Nyamyumba? Mume na watoto wanaendeleaje? Mimi bado nipo. Kwa kuwa simu zangu hupokei, nimempa jirani yangu Keza barua hii akuletee.

Picha ya tumbo niliyopigwa haikuonyesha kitu. Lakini asubuhi kabla sijala natetemeka, maneno yananipotea, naanguka. Nikinywa maji ya sukari natulia. Ndiyo yaliyokuwa kwenye ile chupa ya bia siku ya posa yako, siku uliyonifukuza. Sasa madaktari wananituma Kigali kwa picha nyingine. Njoo unisindikize, naogopa.

Mama yako

Nyamyumba, 11 Machi

Mama,

Salamu. Sisi wazima, Mungu asifiwe.

Bon, chupa tena! Mama mkwe mpaka leo anawaambia wageni: “Ule mama iko mulevi. Akishakunywa tu, anapona!” Nimechoka na aibu. Picha imetoka safi, sasa unatafuta nini tena? Acha pombe, tutakuja kukuona.

Binti yako

Kigali, 2 Mei

Mwanangu,

Watoto hawajambo? Keza ndiye aliyenisindikiza.

Walinishindisha njaa wakinipima damu, mpaka sukari ikashuka nikaanza kuropoka. Pombe haikuwepo. Kisha wakanipitishia kooni mpira mwembamba wenye ekografia, kile kipimo cha kupiga picha ndani ya mwili, mpaka karibu na kongosho, na hapo kikaonekana: kivimbe kama punje ya haragwe. Daktari anasema ni nadra sana, ndicho kinachoimaliza sukari yangu. Kwenye picha ya kwanza kilijificha. Nililia kwa hasira. Watanipasua tarehe kumi.

Mama yako

Nyamyumba, 6 Mei

Mama mpenzi,

Unaendeleaje? Yooo, nimelia sana! Nitumie hiyo picha haraka. Jumapili wakwe wanakuja kula hapa, nataka mama mkwe aione kwa macho yake, anyamaze. Kwenye upasuaji sitafika, si unajua maandalizi ya wageni. Tutakuombea.

Binti yako akupendaye

Kigali, 9 Mei

Umuhire,

Kwa leo mimi mzima. Nawe uwe mzima.

Picha anakuletea Keza. Mwambie mama mkwe wako aishike kwenye mwanga: kile kidoa ndicho pombe yangu. Yeye hanijui, simlaumu. Wewe nilikubeba mgongoni, na bado ulingoja picha.

Daktari ameuliza ndugu yangu wa karibu ni nani. Nimemtaja Keza.

Donatille